Shajara ya mradi: shahada ya kemia, karatasi za ualimu

Agosti 2023, Morogoro

Lengo la mradi: nipate sifa kamili za mwalimu wa sekondari, zile ambazo mtu akiuliza namwekea mezani.

Kwa sasa ninacho nusu. Shahada yangu ni ya sayansi, kemia na baiolojia, wala si ya elimu. Nafundisha shule binafsi hapa mjini. Wanafunzi wananiita madam, wazazi wananiita mwalimu, na kwenye orodha ya mishahara nipo chini kabisa, pamoja na wanaojitolea. Wadhibiti ubora wa shule walipopita mwezi huu, waliomba mafaili ya walimu wote. La kwangu lilikuwa jembamba. Hawakugomba, waliandika tu. Baadaye mkuu wa shule akaniita: “Madam, kazi yako naipenda, lakini kwenye ripoti umeandikwa huna sifa.”

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iko wazi kwamba anayefundisha awe amesajiliwa, na asiyesomea ualimu awe na leseni ya kufundishia. Leseni ingeniweka salama kwa muda. Ila leseni ni ruhusa, haikupi utaalamu, na sitaki kila baada ya muda niwe naomba ruhusa ya kufanya kazi ninayoifanya tayari.

Njia nilizopima ni hizi. Kurudi kusoma Shahada ya Elimu, miaka mitatu, kwa masomo yale yale ya kemia niliyokwisha kuyafaulu: hapana. Stashahada ya ualimu kwenye chuo cha serikali, kama Kleruu au Butimba: inawezekana, kwa kuwa nina kidato cha sita, lakini ingenishusha. Serikalini mwenye stashahada anaingia kama Mwalimu Daraja la IIIB, ngazi ya mshahara wa walimu TGTS C, na mwenye shahada anaingia Daraja la IIIC, TGTS D. Mwenye cheti yuko IIIA, TGTS B. Njia ya tatu ni Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ambayo kila mtu huiita PGDE. Imetengenezwa kwa watu kama mimi, wenye shahada ya somo lakini hawajasomea kufundisha. Matangazo ya ajira ya Daraja la IIIC huipokea pamoja na shahada ya somo la kufundishia. Nimechagua hiyo.

Hali ya mradi: njia imepatikana, hela inatafutwa.

Septemba 2023

Mwezi wa makaratasi, na ni mkavu kama ulivyo. Mwenye majina yanayofanana kwenye vyeti vyake vyote aruke sehemu hii, amshukuru Mungu.

Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la kati la babu. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba likiwa limeandikwa kwa “l” badala ya “r”, kazi ya karani mmoja wa zamani aliyeandika kama alivyosikia. Kidato cha sita kikafuata kidato cha nne, chuo kikafuata kidato cha sita, kitambulisho cha taifa kikafuata cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo serikalini kuna watu wawili wanaofanana sana na wote ni mimi.

Dawa yake ni hati ya kubadili jina, ile inayoitwa didipoli (deed poll), inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ndani yake unatamka kwamba jina fulani unaliacha na kuanzia leo unatumia fulani. Ushauri nilioupata kwa wakili, na ninaupitisha kama ulivyo: fuata jina la cheti cha kidato cha nne. Vyeti vya Baraza la Mitihani ndivyo mzizi wa kila kitu kitakachofuata, na kubadilisha vingine vifuate hicho ni rahisi kuliko kwenda kinyume chake. Ukishasajili hati, unapeleka NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, warekebishe.

Wenzangu ofisini wananicheka kwamba nahangaika kwa herufi moja. Sisi wengine tunakumbuka mwaka 2017. Ripoti ya uhakiki aliyokabidhiwa Rais Magufuli pale Dodoma mwezi Aprili mwaka huo ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na baada ya hapo masihara kuhusu vyeti yakaisha. Ofisi ikiona majina mawili haiulizi karani wa zamani alisikiaje.

Novemba 2023

Nimeanza. Chuo sikitaji, maana nitakuwa na maneno yangu juu ya ofisi yake ya ada siku si nyingi.

Darasani tuko mchanganyiko ambao sijawahi kukaa nao: wahitimu wa takwimu, wawili wa kilimo, mchumi aliyepigwa na soko la ajira, bwana mmoja wa jiolojia aliyefanya kazi migodini na sasa anataka “kitu cha kutulia”. Tunasoma saikolojia ya elimu, falsafa na sosiolojia ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, uongozi wa shule, ushauri na unasihi, kisha kila mmoja anasoma mbinu za kufundishia somo lake.

Nilidhani saikolojia itanipa usingizi, lakini iliyonichosha ni falsafa. Mhadhiri anasoma kurasa, nasi tunaandika. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ingefaa ijadiliwe kwa kelele, hasa na watu waliolima bustani ya shule kama adhabu, lakini tuliimaliza kwa tarehe na nukta za mtihani.

Mbinu za kemia ni habari nyingine. Mkufunzi wetu ni mama mtu mzima aliyefundisha sekondari za bweni miaka mingi kabla ya kuja chuoni, sote tunamwita Mama. Zoezi la kwanza: andika lengo mahususi la kipindi kimoja. Niliandika kwamba hadi mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aelewe maana ya tindikali na besi. Akachukua kalamu nyekundu, akakata “aelewe”, kisha akanisogezea daftari. “Utamwonaje akielewa? Atabadilika rangi?”

Darasa zima likaangua kicheko, karatasi ya litmasi ikapata mzaha wake. Tangu siku hiyo tunaandika vitenzi vinavyoonekana: ataje, achore, akokotoe, alinganishe, atofautishe. Inaonekana ni jambo dogo la uandishi. Jaribu kuandaa kipindi kimoja kwa kitenzi “akokotoe” uone jinsi kinavyokulazimisha kupanga dakika zote 40, maana lazima zipatikane dakika za wao kukokotoa, siyo za wewe kukokotoa ubaoni huku wao wakinakili.

Januari 2024

Ada awamu ya pili imelipwa. Risiti imetoka baada ya kufuatilia. Nimeahidi sitalalamika zaidi ya hapo.

Machi 2024

Tunafundishana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja anasimama mbele na andalio lake, wengine tunajifanya kidato cha pili. Watu wazima wenye shahada wakipewa ruhusa ya kuwa wanafunzi wanakuwa watundu kupita kiasi. Yule bwana wa jiolojia aliomba kwenda msalani kila baada ya muda, mpaka Mama akamwambia akitoka asirudi.

Kwa asiyejua, andalio la somo ni karatasi ya kipindi kimoja. Juu unaweka utambulisho: somo, darasa, mkondo, tarehe, muda, idadi ya wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria, wavulana na wasichana. Chini yake umahiri, malengo, vifaa na rejea. Kisha jedwali lenye hatua tano: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakari na hitimisho. Kila hatua ina muda wake, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi na upimaji. Chini kabisa, baada ya jedwali, ipo mistari michache ya tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni.

Andalio lenyewe linatoka kwenye azimio la kazi, ambalo ni mpango wa muhula mzima, nalo azimio linatoka kwenye muhtasari wa somo. Walimu wa zamani wa shuleni kwetu wana maandalio ya miaka waliyoyahamisha kutoka daftari hadi daftari. Mistari ile ya chini huwa imejazwa hata kabla kipindi hakijafundishwa: “Somo limefundishwa na wanafunzi wengi wameelewa.” Nimeshaiona sentensi hiyo kwa miandiko tofauti mingi hadi nahisi ilipitishwa bungeni.

Julai 2024

Mambo matatu kwa mkupuo.

La kwanza, barua za mazoezi ya kufundisha zimetoka. Chuo kinaandika barua ya utambulisho, wewe unaipeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri, anakushusha kwa afisa elimu sekondari, naye anakuandikia barua ya kwenda kwa mkuu wa shule. Nimepangiwa shule ya kata nje ya mji. Kukaa ni juu yako, kula ni juu yako.

La pili, Sekretarieti ya Ajira imetangaza nafasi 11,015 za ualimu. Kikundi chetu cha simu kimewaka usiku kucha. Sisi hatumo. Maombi yanataka cheti kamili, siyo matokeo ya muda wala barua ya chuo ikisema fulani yuko njiani. Zamani kidogo walimu waliomba TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, wakasubiri kupangiwa vituo, sasa unaomba kwenye mfumo wa Ajira Portal na kufanya usaili kama kada nyingine. Wapo wanaoukasirikia usaili huo kwa hoja kwamba mtu aliyefaulu chuo ameshapimwa. Mimi sina shida na kupimwa. Shida yangu ni waliomaliza miaka kadhaa nyuma, ambao ubao wameusahau kwa kuendesha bodaboda, kupimwa pamoja na waliotoka chuoni juzi.

La tatu, matokeo ya kidato cha sita yametoka na mtoto wa dada yangu kapata daraja la pili, tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kapiga simu: “Shikamoo mama mdogo, na mimi nataka ualimu.” Nikamuuliza kama anautaka au anaukimbilia. Akanyamaza kidogo, akasema vyote viwili. Nimependa jibu lake.

Nilichomwambia: akitaka shahada, aombe moja kwa moja chuo kikuu chenye programu ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia. Vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DUCE pale Chang’ombe na Mkwawa kule Iringa vilianzishwa mwaka 2005 kwa kazi hiyo, UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nako wapo wengi, na mkopo aombe kwa Bodi ya Mikopo mapema, akijua kwamba akiajiriwa asilimia 15 ya mshahara wake itakuwa inarudi huko mpaka deni liishe. Akitaka kuingia kazini haraka, stashahada ya miaka miwili inampokea akiwa na ufaulu wa masomo mawili ya kufundishia. Kisha nikamwambia lile asilotaka kusikia: Historia na Kiswahili ni masomo yenye foleni ndefu. Nafasi hutangazwa kwa somo, na upungufu mkubwa uko kwenye hisabati na sayansi, hasa fizikia. Hilo halina maana asisome Historia. Maana yake ajiandae kusubiri, au afikirie elimu maalumu, ambayo Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kimejikita humo. Kasema atafikiria. Dada kanipigia baadaye kulalamika kwamba nimemtisha mtoto.

Agosti 2024, mazoezini

Hapa nitaandika kirefu.

Shule iko chini ya kilima, majengo ya miaka ile shule za kata zilipokuwa zinaota kila mahali. Maabara ipo, ina meza za zege na mabomba ambayo hayatoi maji. Nimepewa kidato cha tatu mikondo miwili. Mkondo A una wanafunzi zaidi ya themanini, wanne kwa dawati la watatu. Mwalimu wa kemia aliyenipokea yuko peke yake kwa shule nzima, na aliponipa azimio la kazi alinipa kwa mikono miwili kama mtu anayetua mzigo.

Mada iliyofuata kwenye azimio: moli. Kama umesoma sayansi Tanzania unajua hapo ndipo wengi walipoagana na kemia. Namba ni 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23, na mwanafunzi hapewi sababu ya kuijali. Anaambiwa tu moli moja ya kitu chochote ina chembe idadi hiyo, kisha yanakuja mahesabu.

Nilienda kwa muuza duka jirani na nilipopanga, mwenye mizani ya kidijitali ya kupimia viungo. Nikamwomba anipimie chumvi gramu 58.5. Akaniangalia. Nikasema na sukari gramu 342. “Madam, robo kilo na ngapi hiyo?” Tukahesabu pamoja, robo na gramu 92. Maji gramu 18 nilipima mwenyewe kwa bomba la sindano, ni vijiko vitatu na kitu vya chai. Nikafunga chumvi na sukari kwenye mifuko miangavu, maji nikatia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi.

Siku ya kipindi, Mama alitokea bila taarifa, kama desturi ya wasimamizi ilivyo. Alikaa nyuma kabisa pembeni ya dirisha lisilo na kioo, fomu yake mapajani.

Utangulizi ulikwenda vizuri. Dazeni ni ngapi? Kumi na mbili, wakaitikia wote. Kreti ya soda? Ishirini na nne. Rimu ya karatasi? Hapo wakajibu wachache wanaotumwa ofisi ya mtaaluma: mia tano. Tukakubaliana kwamba watu hufungasha vitu kwa idadi kufuatana na ukubwa wake, na mkemia naye anafungasha. Nikaweka mezani ile mifuko miwili na kichupa, nikasema kila kimoja hapa ni moli moja, vyote vina chembe idadi ile ile.

Minong’ono. Mfuko wa sukari ulikuwa unajaza kiganja, kichupa cha maji kilikuwa robo tu. Kijana mmoja akasema kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimeshaganda darasa zima mgeni alipoingia, “Madam, hapo kwenye maji umetupunja.” Nikawaacha wabishane kwenye madawati, kwa lugha waliyoitaka. Mmoja wao mwenyewe akafika: chembe ya sukari ni nene, ya maji ni nyembamba, kwa hiyo idadi ikilingana, uzito hauwezi kulingana. Nikaandika maneno yake ubaoni, kwa Kiingereza, tukayasoma pamoja.

Kisha msichana wa dawati la pili, ambaye tangu nifike sijamsikia, akanyanyua mkono. Chumvi ni sodiamu na kloridi, wamekaa wawili wawili. Je, kwenye moli moja ya chumvi tunahesabu jozi, au tunahesabu kila mmoja?

Swali hilo lilikuwa la kipindi cha mbele sana. Ningeweza kumwambia asubiri. Nilimpa chaki. Akachora jozi ubaoni, akahesabu mwenyewe: jozi moli moja, ayoni moli mbili. Darasa likawa pande mbili, wengine wakimkubali na wengine wakisema anachanganya mambo. Nilipotazama saa, dakika zilizokuwa za kuimarisha maarifa zilikuwa zimeshaliwa. Kengele ikagongwa, ile ringi ya gurudumu inayoning’inia kwenye mwembe, na zoezi la kukokotoa likabaki kwenye karatasi yangu.

Mama alinipeleka chini ya mwembe huo huo. Alama za zana na usimamizi wa darasa alinipa bila ubahili. Kisha: “Lengo lako linasema akokotoe. Nani amekokotoa?” Nikamtaja yule msichana. “Mmoja kati ya themanini na kitu.” Nilimjibu kwamba swali lake lilikuwa na thamani kuliko zoezi langu, na bado naamini hivyo. Akasema thamani sawa, lakini wale wengine wameondoka na mifuko ya sukari kichwani, wala hujui nani ameondoka na nini. “Andika hapo chini.”

Alikuwa anamaanisha ile mistari ya tathmini. Nikaandika nikiwa nimesimama: wanafunzi wametofautisha idadi na uzito wa chembe, ukokotoaji haujapimwa, kipindi kijacho kianze na maswali matatu ya gramu kwenda moli kabla ya jambo jipya, aliyeuliza juu ya ayoni apewe swali gumu zaidi. Kipindi kilichofuata kilianza hivyo hivyo, na nusu ya darasa ilikuwa inagawanya kinyume, uzito wa moli juu na gramu chini. Bila ile mistari ningeendelea mbele na mada nikiwa na furaha zangu.

Tangu siku hiyo najaza tathmini darasani, wanafunzi wakiwa bado wanatoka. Ikifika ofisini inageuka kuwa “wanafunzi wengi wameelewa”. Hakuna atakayeniomba maandiko hayo kwenye usaili, kwenye usajili wala popote. Katika karatasi zote za mradi huu ndizo pekee zisizohitaji muhuri wa wakili.

Mengine ya mazoezini kwa ufupi: nimekuwa mwalimu wa zamu, ambayo maana yake ni kufika kabla ya wachelewaji na kuandika ripoti ya wiki nzima. Nimejifunza kusahihisha madaftari huku natembea kati ya madawati, kwa kuwa kubeba madaftari ya mikondo miwili hadi nyumbani ni kazi ya punda. Nimekula makande mengi.

Oktoba 2024

Mitihani ya mwisho. Upimaji na tathmini ulitaka tutengeneze jedwali la utahini: mada upande mmoja, ngazi za fikra upande mwingine, maswali yagawanywe kufuatana na uzito wa kila mada. Nilipata kulitumia mara moja kwenye mtihani wa muhula wa shule yangu, nikagundua mitihani yetu ya ndani ya miaka ya nyuma ilikuwa na maswali ya “taja” karibu ukurasa mzima. Haishangazi wanaganda wakikutana na mtihani wa taifa.

Januari 2025

Matokeo yametoka, nimefaulu masomo yote na mazoezi. Cheti chenyewe bado, wanasema kinachapwa.

Wakati huo huo usaili wa walimu walioomba mwaka jana umeanza katikati ya mwezi huu. Wanafanyia mikoani wanakoishi, kwanza mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Mwenzangu mmoja wa ofisini, aliyesomea elimu tangu mwanzo, yumo. Nimemsaidia kupanga bahasha: vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita hadi chuo, na kitambulisho. Alikuwa ameweka na karatasi ya matokeo ya kidato cha nne kwa sababu cheti kiko kwa shangazi kijijini. Nikamwambia apande basi akakichukue. Tangazo linasema wazi kuwa hati hizo za matokeo hazipokelewi.

Kapita mchujo. Mahojiano anasema walimuuliza hatua za andalio la somo na afanye nini na mwanafunzi mtoro. Anasubiri. Aliyefaulu akakosa nafasi huingizwa kwenye kanzidata na anaweza kuitwa baadaye, kwa hiyo kufaulu hakupotei bure hata kama jina halimo kwenye orodha ya kwanza.

Machi 2025

Cheti nimekipokea. Herufi zote za jina zimekaa mahali pake, “r” ni “r”. Nakala zimepigwa muhuri na wakili.

Faili langu shuleni limenenepa. Mkuu wa shule kanipa mkataba mpya, nimetoka kwenye orodha ya wanaojitolea, na mshahara umepanda kiasi ambacho sitakiandika hapa kwa sababu dada yangu husoma.

Akaunti ya Ajira Portal imekamilika kwa namba ya NIDA, vyeti vimepandishwa, barua ya maombi ipo tayari imebaki tarehe na namba ya tangazo. Nikiajiriwa serikalini nitaingia chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ambayo hushughulikia kupandishwa madaraja na nidhamu. Kwa sisi wa shule binafsi ninaifuatilia zaidi Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018, iliyolenga kila mwalimu, wa serikali na wa binafsi, asajiliwe na kupewa leseni ya taaluma kama ilivyo kwa wauguzi na mawakili. Ninaiunga mkono, kwa sharti moja: ada yake isizidi uwezo wa anayelipwa kama nilivyokuwa nalipwa mimi. Wazanzibari wasome haya wakijua kwao elimu ina wizara yake na taratibu zake za ajira, hii yote ni habari ya Bara.

Mtoto wa dada amechagua Mkwawa, Historia na Kiswahili. Sikumtisha vya kutosha.

Kinachosubiriwa ni tangazo lijalo lenye Mwalimu Daraja la IIIC, Kemia. Likitoka nitaandika tena hapa. Wiki hii kidato cha tatu wanaanza moli, na nimebadilisha mpangilio: maswali matatu ya gramu yanakuja kabla ya mifuko, na swali la ayoni nimelipangia kipindi chake.